Mama Yangu Si Kuku

MAMA HAENDI POPOTE! Jameni, nimefurahi mpaka nakosea herufi kwa simu, lakini pia nimekasirika, tena sana, kwa hivyo mnivumilie.

Mama yangu ni Asiya. Hapa Matungu ukiuliza mama wa kuku utaletwa kwetu moja kwa moja. Anafuganga kuku wa kienyeji, bata na kanga, na kifaranga kikiumwa anajua kwa sauti tu. Amezaa wasichana watano, Fauzia ndiye wa kwanza. Ati hiyo ndiyo kosa yake.

Kila Idi, Dauda, ndugu mkubwa wa baba, alikuwa anasema, "Ismail, mrudishe huyu kwao, uoe mwenye atakupa kijana." Juma iliyopita akaita wazee kabisa, waamue. Na nani alipika? Mama! Mwenye anafukuzwa ndiye anachinja ingokho, kuku wake mwenyewe! Dauda akatafuna firigisi, si ni ya wanaume tu, akasema:

"Kuku akitotoa majike tupu, unauza nani? Jogoo?"

Wazee wakacheka. Baba akaangalia chini. Aki nilitaka kurusha sufuria.

Sasa, kuna mwanafunzi wa kilimo kutoka Bukura, Onesmus, alikuwa anakuja kuangalia kuku wetu. Mama alimuuliza maswali mpaka kijana akachoka.

"Shemeji," mama akamwambia Dauda hapo mbele ya wazee, "kwa kuku umesema ukweli."

"Mmesikia? Amekubali mwenyewe!"

"Ngoja. Ndani ya kuku kuna nyuzi za urithi, zinaitwa kromosomu. Sabini na nane. Chache ni kubwa, zingine ndogo kama punje ya wimbi. Bata ako na themanini, mwewe ako na chache kuliko kuku. Lakini ndege ni ndege, mbili ndizo za kuamua jike ama dume: jogoo anabeba mbili zinafanana, kuku jike anabeba mbili tofauti. Kwa hivyo jike ndiye anaamua kama kifaranga kitakuwa jogoo."

"Si ndiyo nimesema, Mama Fauzia?"

"Binadamu ni kinyume. Zangu zinafanana. Mwanaume ndiye anabeba tofauti. Mimi si kuku, Shemeji. Uliza ndugu yako."

Mzee mmoja akaanza kukohoa, kumbe ni kicheko.

"Hayo ni maneno ya simu," Dauda akasema.

"Basi mpigie Onesmus kwa hiyo simu."

Ndio baba akainua kichwa. "Kama ni hivyo, hao watano wametoka kwangu. Nikimrudisha Asiya kwao, mimi nitarudishwa wapi? Haendi popote."

Dauda akavaa viatu akaenda. Hata pole hakusema! Miaka kumi na tisa ya matusi, na pole moja imemshinda! Baba naye, mbona alingoja kromosomu ndio afungue mdomo? Na hata kama ingekuwa mama ndiye anaamua, nani aliwaambia sisi wasichana ni hasara?

Kuna mama huko Musanda ama Lugari anaambiwa maneno hayo hayo leo. Tafadhali mtumie mtu hii.