Jina la Etyang Kwenye Bima ya Lori

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa kiti kisicho na mgongo na leseni ya mtu nisiyemjua. Ofisi ilikuwa ya wakala wa bima mjini Busia, chumba kimoja nyuma ya duka la vitambaa, na aliyenipokea ni Karani Mkuu, mzee wa Namboboto mwenye kifua kibovu na ulimi mbaya kuliko kifua. Akaniambia niisome ile leseni kwa sauti. Leseni za miaka hiyo ya sabini zilikuwa vijitabu, basi nikafungua ukurasa wa kwanza, nikaanza na jina na picha. Akaninyang'anya.

"Huko mbele kila mtu ni malaika," akasema. "Anza nyuma."

Huko nyuma ndiko mahakama ilikoandika. Mwendo wa kasi, ulevi, kugonga, na ikiwa dereva alifungiwa leseni, tarehe ya kufungiwa na ya kufunguliwa, na muhuri juu. Tangu siku hiyo mpaka leo nikipewa kitabu chochote naanza nyuma, na wajukuu wangu wananicheka.

Ninyi mnaonunua bima kwa simu mkiwa mmelala, nisikilizeni kidogo. Sheria ilisema gari lisiguse barabara bila bima ya mtu wa tatu, yaani ya yule utakayemgonga, si yako wewe. Bima ilifuata gari. Lakini ndani ya hati mlikuwa na orodha ya madereva walioruhusiwa, na lori likigonga mtu huku limeshikwa na dereva asiye kwenye orodha, kampuni ingemrudia mwenye lori imdai mpaka shati. Kwa hiyo hakuna tajiri aliyemkabidhi mtu usukani kabla jina lake halijaingia. Na dereva aliyewahi kufungiwa leseni, hata awe amemaliza adhabu yake yote, kampuni zilimwita hatari kubwa. Hawakumtaka. Kazi yetu ilikuwa kumtafutia kampuni itakayomkubali. Unaandika barua, unaomba opereta wa simu akuunganishe na Kisumu au Nairobi, unasubiri basi la posta, unajibiwa hapana, unaandika nyingine.

Kwenye fomu ya maombi kulikuwa na swali moja tu lililoogopwa: je, dereva huyu amewahi kufungiwa leseni? Karani Mkuu alinionya nisiandike hapana hata mtu apige magoti, maana siku ya ajali kampuni ingefungua leseni kule nyuma na bima ingekuwa karatasi ya kufungia njugu. Waliopiga magoti walikuwa wengi. Niliwaambia wainuke wasichafue suruali.

Baadaye nilihamishiwa Malaba, penye daraja la kuvukia Uganda, nikapewa meza kwenye chumba cha mawakala wa forodha. Siku nzima ni malori, vumbi, turnboi, wasaidizi wa madereva, wanaitana, na madereva kutoka Mombasa mpaka Kitale wakinitania kwamba nitaolewa na stika ya bima. Waliniita dada wa bima. Niliwajibu vizuri tu, na mwenye mdomo mrefu alisubiri stika yake mpaka jioni.

Huko ndiko nilikomfahamu Etyang. Alikuwa Mteso wa Amukura, mrefu, mtu wa kucheka, dereva wa lori la Mzee Abdalla, tajiri wa usafirishaji pale Busia. Walipeleka chumvi na sabuni Uganda. Siku moja breki zilimkatikia kwenye mteremko karibu na kwao, akagonga mtu wa baiskeli aliyebeba mahindi, mguu ukavunjika. Mahakama ilimfungia leseni mwaka mzima. Mzee Abdalla akaajiri dereva mwingine, na sikumlaumu, maana lori halili likiwa limesimama.

Lakini adhabu ya mahakama ya Kenya haikuvuka daraja. Hili madereva wote wa mpakani walilijua. Ukifungiwa huku, unavuka kwa miguu, unapata mfanyabiashara wa Tororo au Mbale mwenye lori, unaendesha kule ng'ambo, na Jumapili unarudi kwa watoto na kipande cha sabuni. Etyang alifanya hivyo hivyo, na mwanzoni tulimcheka tu kwamba amekuwa mgeni kwao.

Kisha kule kukaharibika, askari wenye bunduki wakawa ndio sheria. Malori yalianza kuvuka yasirudi, na madereva waliorudi walikuwa hawasemi sana. Jumapili za Etyang zikapungua, kisha zikakoma. Mwaka wa adhabu ulipokwisha, alikuja mkewe ofisini. Tulimwita Mama Akiru. Alikuwa anauza mihogo sokoni Amukura. Hakukaa hata nilipomwekea kiti. Alisema Mzee Abdalla amekubali kumrudishia mume wake lori, mradi apate bima.

"Mtafutie, dada," akasema. "Ndiyo dawa ya kumtoa huko."

Basi nikatafuta. Kampuni yetu wenyewe ilikataa kwa mstari mmoja. Ya pili ilitaka barua ya mwenye lori, tukapeleka, kisha ikakataa. Ya tatu ilitaka lori likaguliwe breki, tukalipeleka, ikanyamaza. Alipokuja Mkaguzi wa Kanda kutoka Kisumu nilimwekea faili mbele yake, nikamweleza ya breki na ya mke na ya ng'ambo. Alisoma akiwa amesimama, akanirudishia. Alisema huyo ni kaa la moto, na mimi nataka yeye ndiye alishike. Nilitoka nje nikalia nyuma ya choo cha forodha, na si mimi wa kulia ovyo.

Kila soko la Amukura likivunjika, Mama Akiru alipanda gari mpaka Malaba kuuliza. Nilichoka kumwambia bado. Siku nyingine nilimwona kwa dirisha anakuja na kikapu chake, nikatamani kujificha chini ya meza.

Mwishowe kampuni moja ndogo ya Nakuru ilikubali. Iliweka nyongeza ya hatari, yaani mwenye lori alipe ada kubwa kuliko ya kawaida kwa ajili ya jina hilo moja. Na iliweka sharti: jina lisitoke kwenye orodha. Mwaka wowote likitolewa, wasirudi tena kuombwa. Mzee Abdalla alitia sahihi, na mimi nikapiga chapa jina la Etyang kwa mkono wangu, chini ya la yule dereva mwingine. Niliona raha siku hiyo, nisiwadanganye. Nilinunua soda nikanywa peke yangu.

Tulituma ujumbe kwa kila dereva anayevuka: mwambieni Etyang bima imepatikana, arudi. Baada ya siku kadhaa dereva mmoja alileta jibu. Etyang ameshukuru sana. Ana mzigo mmoja tu wa kufikisha Jinja, hawezi kuuacha njiani, akimaliza anakuja. Mkewe ashike jogoo.

Mama Akiru alishika jogoo. Etyang hakuja wiki hiyo, wala ile nyingine. Kisha madereva wawili walisema, kila mmoja kwa wakati wake, wameona lile lori la Tororo alilokuwa akiliendesha kando ya barabara, milango wazi, halina mtu. Nani alimtoa, amepelekwa wapi, hakuna aliyesema, na miaka ile mambo ya ng'ambo hayakuulizwa kwa sauti. Mama Akiru alivuka mara moja kwenda kuuliza. Alirudi jioni ile ile, na hakuniambia aliambiwa nini.

Bima huisha kila mwaka na kukatwa upya. Mwaka wa kwanza Mzee Abdalla alilipa na nyongeza yake bila neno. Hakuwa mtu mbaya. Mwaka wa pili alikuja akaniambia nitoe jina, na hakunikaripia, alisema kwa upole.

"Asiyekuwepo na lake halipo, binti yangu. Mimi pia nina watoto."

Ni kweli. Lakini niliona lazima Mama Akiru asikie kutoka kwangu. Nilimtumia neno, akaja, nikamweleza: jina likitoka, kampuni ya Nakuru imefunga mlango, na hakuna nyingine. Aliuliza ile nyongeza tu, peke yake, ni kiasi gani. Nikamtajia. Akaenda. Alirudi baada ya siku nne akaiweka mezani, noti na sarafu zenye udongo wa mihogo. Mzee Abdalla alipoambiwa hakukataa. Alisema kama mama ndiye analipa, jina likae.

Karani Mkuu alikuja Malaba kukagua makaratasi akaliona. Aliniuliza kama nimerukwa na akili, tunamwekea bima dereva hewa. Nikamwambia dereva amekwisha kufunguliwa leseni, ada imelipwa, sheria gani imevunjwa? Alikohoa sana. Kisha alipiga muhuri huku anaangalia dirishani.

Hivyo ndivyo ilivyokwenda, mwaka baada ya mwaka. Mama Akiru akileta nyongeza huomba kuonyeshwa. Hakujua kusoma, lakini alilijua jina lile lilivyokaa, akaliwekea kidole, akaondoka. Ndugu za mume walitaka matanga yafanywe, akawaambia anayekatiwa bima haombolezwi. Nilimwelewa, na niliogopa kwamba namwelewa.

Vita vilipokwisha ng'ambo watu walianza kurudi. Waliokuwa wamehesabiwa wafu walivuka daraja wamekonda, wengine hawana viatu, na wake zao wakipiga vigelegele barabarani. Mama Akiru aliacha soko. Alishinda darajani tangu asubuhi, na adhuhuri alikuja kwangu kunywa maji. Kila aliyevuka alimuuliza. Nami nilianza kuamini, Mungu anisamehe. Nilimwambia jina liko, akivuka leo anapanda lori kesho. Waliendelea kuvuka, kisha wakapungua, kisha wakawa ni wafanyabiashara tu.

Nilifanya kazi hiyo mpaka nikastaafu, Busia, Malaba, Kisumu, kisha Busia tena. Siku ya kuniaga Meneja wa Tawi, kijana mzuri wa suti, alisema nimewarudisha barabarani madereva wengi waliokataliwa na kila mtu. Watu wakapiga makofi. Ni kweli niliwarudisha. Wengine wananisalimia mpaka leo sokoni Busibwabo, wananiita mama wa bima, wananipa ndizi. Vijana wa kazi hii huja kuniuliza mteja wa hatari kubwa anatafutiwaje kampuni. Nawaambia yote: semeni ukweli kwenye fomu, kagueni breki kwanza, msikubali jibu la kwanza. Wanaandika. Wakiniuliza kama ninaikumbuka kazi kwa furaha, nawaambia wajilie ndizi. Kazi ile ilinifundisha kumtafutia mtu nafasi ya kurudi. Kumrudisha mwenyewe hakuna aliyenifundisha, na sijui kama kuna anayejua.

Mzee Abdalla aliliuza lile lori mwisho wa miaka ya sabini. Lilikuwa limechoka, aliyelinunua alitaka vyuma. Mama Akiru hakuwa amesikia; alikuja siku yake ya kawaida na nyongeza imefungwa kwenye kitambaa. Nilimwambia gari limeuzwa, na bima inakufa na gari, hakuna cha kulipia.

"Lipia gari lingine," akasema.

"La nani, Mama Akiru?"

Alifikiri. Nilimwona anafikiri kweli, anapita tajiri mmoja mmoja wa Busia na Malaba kichwani mwake. Mwishowe akafunga kitambaa tena.

"Sasa jina lake litakaa wapi, dada?"

Sikuwa na pa kumwonyesha. Kanisani hakuwa kwenye kitabu cha wafu. Kaburi hakuna. Akaomba alione, nami nikamtolea ile hati, akaweka kidole chake pale pale. Utaratibu ulitaka bima ikifungwa, kila jina kwenye orodha lipigwe mstari. Ningeweza kungoja aondoke. Nilimwambia, na yeye ndiye aliyesema nifanye akiwa hapo. Nilichukua rula na kalamu, nikamwomba ainue kidole. Hakuinua. Nikapiga mstari kutoka upande mmoja mpaka kwenye kidole chake, nikaishia hapo.