Gome la Upande wa Macheo

Mama alipougua kifua kikuu, miaka ile ya tisini, mimi nilikuwa binti nisiyejua kutulia. Kila asubuhi nilimtoa nje nikamshika kope na kuchungulia macho yake. Mwanzoni yalikuwa meupe. Baada ya wiki kadhaa za dawa yakawa ya njano, na harufu ya mafuta ya vitumbua, biashara yake iliyotulea, ikawa inamtapisha.

Hospitali walimtoa damu ya kupima, wakampa vidonge vya kumezea nyumbani mpaka majibu yatoke. Alimeza siku mbili. Siku ya tatu alivirudisha kwenye pakiti.

"Mwili wangu unavikataa," akasema. "Simezi tena."

Nikamfokea. Nilimwambia sikio la kufa halisikii dawa, maneno ambayo mtoto hamwambii mama yake. Nikaona nikikaa pale nitalia, nikaondoka kwenda Kivukoni, hapo hapo Ifakara, kwa shangazi, ambaye katika ukoo wetu ndiye aliyejua miti.

"Dawa za hospitali ni kali, zinachosha ini," shangazi akasema. "Lipo gome la kulikinga. Akishakunywa hilo, avimeze vidonge vyake bila wasiwasi."

Akanipeleka kwenye mti wenyewe, nikabandua gome la upande wa macheo kama alivyoagiza. Alilifunga kwenye kipande cha khanga, akanipa sharti moja: nisisalimie mtu wala kuitikia salamu mpaka dawa iingie chunguni. Nikifungua mdomo njiani, nitakuwa nimebeba kuni tu.

Jaribu wewe kutembea Ifakara bila kusalimia! Wazee niliowapita walinisindikiza kwa macho, na mama mmoja akauliza kwa sauti nimelelewa wapi. Nilizidi kuharakisha.

Nilipokaribia kwetu Katindiuka nikamkuta nesi wa kliniki ya kifua ameshuka kwenye baiskeli, anahema. Mama alimjua, mimi nilikuwa nimemwona kwa mbali tu.

"Binti, samahani. Nyumba ya yule mama muuza vitumbua ni ipi?"

Nikajua amekuja kugomba kwa sababu ya vidonge. Nikajisemea, nikimtangulia, mama atakunywa gome, atameza vidonge, na huyu atakuta hana la kusema. Nikainamisha uso nikampita.

"Jamani, mabinti wa siku hizi!" akasema nyuma yangu.

Gome lilichemka polepole mno, nikawa naingia na kutoka jikoni. Nilipompa mama kikombe alikunywa huku amefumba macho kwa uchungu.

"Sasa ini lina kinga," nikamwambia, nikamwekea vidonge mkononi. "Meza, mama. Kwa ajili yangu."

Akameza.

Nesi aliingia kikombe kikiwa bado cha moto. Watu walikuwa wamemwelekeza kwa muuza vitumbua mwingine, upande wa pili wa mashamba. Hakutaka hata kiti.

"Majibu ya damu yametoka," akasema. "Vidonge vinaliumiza ini. Asimeze hata kimoja mpaka daktari amwone."

Akaichukua pakiti, akaikagua. Vya siku ile havikuwemo. Ndipo aliponigeukia, akanitambua.

"Vya leo kampa nani?"

Sharti la shangazi lilikuwa limekwisha, nilikuwa huru kusema. Mdomo haukufunguka.

"Nimemeza mwenyewe, nesi," mama akasema. "Huyu ndiyo kwanza anaingia kutoka safari. Hajui lolote."

Alilazwa siku ile ile. Vidonge vilisitishwa, na macho yake yalipokuwa meupe tena vikarudishwa kimoja baada ya kingine, akapona. Alikaanga vitumbua miaka mingi baada ya hapo, na hakuwahi kuniuliza kwa nini nilinyamaza. Natamani angeniuliza.