Aya ya Benzini Haitoki

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nilipoulizwa swali jepesi kwa Kiswahili nikajibu kwa Kiingereza. Ilikuwa Morogoro, kwenye gereji ya kupiga rangi magari. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne juzijuzi, na pale gereji waliniita Profesa. Hamisi, rafiki aliyenipatia kazi ile, alikuwa akinawa mikono hadi viwikoni kwa tina, dawa ya kuyeyushia rangi, kama tulivyofanya wote kila jioni.

"Profesa, kitu hiki kinanukia vizuri lakini kinanipa kizunguzungu. Kina nini ndani?"

Nilijua kiasi. Tina ya siku zile iliweza kuwa na benzini, na benzini tulichorewa darasani: kaboni sita zimeshikana duara, kila moja na hidrojeni yake. Mwalimu alisema pia kuwa ni sumu. Basi nikamwaga maneno yote ya ubaoni, kwa Kiingereza, kwa lafudhi ya mwalimu.

"Mwacheni," fundi mmoja akasema, "anasoma taarifa ya habari."

Hamisi akacheka na wenzake, akaona haya kuuliza tena, akaendelea kunawa. Sumu niliitaja, lakini kwa lugha asiyokuwa nayo.

Miaka ikapita, akafa kwa ugonjwa wa damu. Sisemi ni tina. Hakuna daktari aliyeniambia hivyo, na sitajua kamwe. Ninachojua ni kwamba aliniuliza.

Sasa nimezeeka, naishi huku ughaibuni, Tooting, kwa dada yako Rehema, muuguzi. Siku hizi naandika katika ensaiklopidia ya mtandaoni, ile ambayo mtu yeyote anaweza kuirekebisha. Makala ya Kiswahili kuhusu benzini na jamii yake ilikuwa mistari michache iliyotafsiriwa na mashine, haisomeki. Nikaiandika upya. Nikaeleza kwamba elektroni za lile duara hazikai kati ya atomu mbili tu, bali kaboni zote sita huzitumia pamoja, ndiyo maana duara halivunjiki kwa urahisi. Kisha nikaongeza aya moja: benzini huingia kwa pumzi, hupenya hata ngozi, na huharibu uboho wa mifupa, ambako damu hutengenezwa. Usinawe nayo.

Mhariri mmoja akaifuta. "Mzee, hapa si zahanati. Na chanzo kiko wapi?"

Alikuwa na haki. Nilikuwa nimeandika kwa kichwa tu. Nikapanda basi hadi maktaba, nikapata kitabu cha sumu za kazini, nikairudisha aya pamoja na chanzo chake. Lile "usinawe" nikaliondoa, maana ensaiklopidia haimwamrishi mtu. Akaifuta tena. Wanaohitaji mambo hayo, aliandika, wanajua Kiingereza.

Rehema alinikuta nimeikodolea kompyuta macho.

"Baba, unagombana tena na mtu usiyemjua?"

"Namjua sana. Nilikuwa kama yeye, nilipoitwa Profesa."

"Basi kula kwanza. Chakula kitapoa, ugomvi haupoi."

Nikala, nikairudisha. Nikamwandikia kwamba mpiga rangi hadaiwi Kiingereza ndipo aruhusiwe kuijua sumu iliyo mikononi mwake. Wahariri wengine wakaniunga mkono, na leo asubuhi aya ilikuwapo. Ikifutwa kesho, kesho nitairudisha.

Mwanangu, ukiulizwa, jibu kwa lugha ya aliyekuuliza, kisha mtazame usoni uone kama ameelewa. Ukionyeshwa kosa lako, likubali, ulisahihishe, urudi kazini. Ila usikubali kuambiwa kuna elimu isiyokaa katika lugha ya mama yako. Utachekwa, utafutwa, andika tena. Siku nitakapokuwa sipo, ilinde wewe aya ile.

Mungu akujalie afya, akuondolee majivuno yaliyonifunga ulimi mimi, na kila atakayekuuliza apate jibu lake angali hai.