Dawa ya Viungo ya Verlie Fontenot

Verlie Fontenot alikuwa msusi katika mji mdogo wa jimbo la Louisiana, Marekani, na baridi yabisi ilikuwa ikimla vidole. Kwa miaka mingi dawa moja tu ndiyo iliyomwezesha kushika kitana. Aliichukua kwa Curtis Hebert, mfamasia aliyesoma naye darasa moja. Walikuwa wakitaniana kidogo, kisha anakwenda zake.

Halafu Mahakama ya Juu ikafuta haki ya mwanamke kuamua kuhusu mimba yake, na jimbo likapiga marufuku utoaji mimba. Haukupita muda, Curtis akamnyima dawa. Alisema, macho yakiwa kwenye kaunta, kwamba dawa ile huweza kuharibu mimba, na yeye hayuko tayari kufungwa.

"Bi Verlie, sina budi kukuuliza. Una mimba? Mara ya mwisho uliingia mwezini lini?"

Nyuma yake kulikuwa na foleni. Shemasi wa kanisa lake alikuwa humo.

"Curtis, nilitolewa kizazi. Mkeo ndiye aliyeniletea mchuzi wa gumbo hospitalini. Haya, sasa wote hawa wamejua. Umeridhika?"

Hakuridhika. Alitaka daktari athibitishe, na daktari alikuwa safarini. Hadi dawa ilipopatikana, vidole viwili vya mkono wa kulia vilikuwa vimejikunja, na mpaka leo havijanyooka.

Mheshimiwa Duplantis, mbunge wa jimbo aliyeiunga mkono sheria hiyo, alikuja kuzungumza kwenye ukumbi wa kanisa. Alijisifu kwamba majaji wamefungua njia: vidonge vya kupanga uzazi navyo vitazamwe upya, na ndoa za wanaume kwa wanaume pia. Verlie akasimama, akamuuliza yeye anameza dawa gani. Mheshimiwa akacheka, akasema hayo ni yake na daktari wake.

"Kumbe maneno hayo unayajua," Verlie akasema. "Mimi niliulizwa habari za hedhi yangu mbele ya shemasi."

Wachache walipiga makofi. Shemasi aliinamia viatu vyake, na mheshimiwa akaomba swali lingine.

Mheshimiwa alichaguliwa tena. Verlie, ambaye hawezi tena kusuka, anazunguka nyumba kwa nyumba kumtafutia mpinzani wa mheshimiwa kura za uchaguzi ujao. Wengine humfungia mlango. Yeye huvuka barabara, akabisha wa pili.