Kilo ya Sukari Kwenye Chumba cha Mtambo

Wiki iliyopita nilipeleka tangazo la harusi kwenye kituo kimoja kidogo cha redio, Makambako. Mbele yangu alisimama mama mmoja mkulima wa viazi, kitenge amekikaza kiunoni.

"Kijijini kwetu Kitandililo hatuwasikii," alisema.

Fundi wa kituo akamfungulia chumba cha mtambo wa kurushia matangazo, akamwonyesha mshale wa kipimo cha nguvu ya mawimbi. "Mama, tunarusha wati mia kamili. Redio yako ndiyo mbovu."

"Na hicho kipimo nani kakipima?"

Fundi akacheka. Mama akatoa kikapuni pakiti ya sukari ya kilo moja, haijafunguliwa. "Dalali akija shambani, kabla hajagusa viazi vyangu natundika hii kwenye mizani yake. Ikisoma pungufu, anaondoka na mizani yake." Akakaa kwenye benchi. "Nasubiri."

Alisubiri kweli, mpaka fundi akaagiza kipimo kingine, kilichohakikiwa, kikaja na basi kutoka Njombe. Kilipofungwa kwenye mtambo uleule kikasoma wati thelathini na tano.

Jamani, mimi na shahada yangu nimeamini kila mshale niliowahi kuonyeshwa, hata wa mita ya maji ya nyumbani.

Fundi akaomba radhi. Mama akarudisha sukari kikapuni, akasogeza karatasi mezani.

"Tangazeni hili. Tunaweka msalaba kwenye kaburi la kaka yangu, kule Kidugala. Tangazo la msiba wake mlilirusha siku mbili nzima. Mimi nilipata habari ameshazikwa."