Kitambaa cha Buluu

Mama alikuwa fundi wa nguo mjini Kitale, kwenye veranda ya duka la mbolea, na kazi iliyotulisha zaidi ilikuwa sare za akina mama wa kanisa letu. Gauni jeupe, kitambaa cha kichwa cha buluu. Nyeupe ni usafi wa moyo, buluu ni mbinguni. Hivyo ndivyo tulivyofundishwa. Mbingu ya Kitale nusu ya mwaka ni ya kijivu, lakini hilo hakuna aliyetaka kulijadili.

Sare ile haivaliwi hivi hivi. Mwanamke huombewa kwanza mbele ya kanisa, ndipo afungwe kitambaa, na haombewi kama hakufunga ndoa kanisani. Mama hakufunga. Baba alikuwa na mke wa kwanza kwao Myanga, aliyemvisha pete zamani, na kanisani pete ni moja. Kila mchungaji mpya alipoletwa, mama alimwendea na ombi lile lile, akarudi na jibu lile lile, akakalia cherehani.

Kupima tu ndiko hakuna aliyeweza kumkataza. Alivuta pazia, akavaa sare ya mteja wa kimo chake, eti aone kama pindo la gauni limekaa sawa. Pindo la gauni haliko kichwani, lakini kitambaa pia alikifunga, akasimama nacho mpaka chai yake ikapoa.

“Mama, utazeekea hapo kwa kioo,” nilimtania.

“Wacha nizeeke nikiwa smati.”

Tumbo lilipomshika, lile ambalo halikupona, alijishonea yake. “Hii ndiyo mtanivalisha,” aliniambia. “Nikishakufa, nani ataniuliza pete?”

Waliuliza. Tulimzika Myanga, nyumbani kwa baba, na akina mama wa Kitale walijaza basi zima kuja kumsindikiza. Mwenyekiti wao, mteja wa mama wa miaka mingi, alichungulia jeneza, kisha akanishika mkono na kunivuta kando, karibu na zizi.

“Pole sana, mami. Lakini hiyo kitambaa itoke. Hakuombewa, na hatuwezi kumwimbia akiwa nayo. Ni sheria, si mimi.”

“Si mumwache tu, mama? Anaenda chini.”

“Ndiyo maana.”

Nilimtazama baba. Baba alitazama viatu vyake. Nilikuwa na hasira ya kuwafukuza wote warudi kwa basi lao, lakini kwetu Mkristo akizikwa bila kuimbiwa, watu huanza kuulizana alifanya nini. Mama angechagua kipi, wimbo au kitambaa? Sikuwa na wa kumuuliza.

Nilikifungua mwenyewe. Nywele zake zilikuwa zimeisha kwa sababu ya dawa, na akiwa hai hakutaka mtu yeyote azione. Shangazi alinipa leso yake ya kijani, nikamfunika haraka. Gauni waliliacha. Bila buluu lilikuwa gauni jeupe tu, hata wauguzi wanalo.

Waliimba vizuri sana, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Nilisimama nyuma yao, kitambaa chake nimekikunja mkononi, nikitazama safu za vichwa vya buluu, na kwenye kila pindo niliuona mshono wa mama.