Wiki Tatu Juu ya Kigoda, Nikilinda Moteri

Huku Uvira, moteri, yaani injini ya gari lako, ikifunguliwa, unakaa nayo. Hakuna aliyetuandikia sheria hiyo, lakini kila mwenye gari anaijua. Unabeba kigoda chako, unakiweka karibu na fundi, unatazama kila pyesi, kila kipuri kinachotoka. Ukienda kunywa chai, pistoni yako nzima itaingia kwenye gari la mtu mwingine, ya kwake iliyochoka italala kwako, na fundi atakuapia mbele ya Mungu kwamba ulikuja nayo vile. Mimi niliwahi kubadilishiwa enjektere zote nne, zile za kupuliza mazutu, yaani dizeli, nilipokwenda kuzika mtu. Kuzika mtu, jamani! Tangu siku hiyo sikumwamini fundi yeyote, hata yule tuliyekuwa tukisali naye benchi moja.

Gari lenyewe lilikuwa jipi kuukuu, niliyoinunua ikiwa imeshachoka. Nina kaduka ka madaftari na kalamu pale Kasenga, na wakati wa mavuno jipi ilikuwa inanipandisha Bwegera kuchukua mchele. Mwaka ule ilianza kunywa oili kama mlevi. Ikatoa moshi wa buluu mpaka wanafunzi njiani wakaziba pua. Mwishowe ikakataa kuwaka asubuhi bila kusukumwa na watu sita.

Garajini fundi akaitegea sikio, akafuta mikono. "Patroni, iko njia mbili. Tufungue hii, tubadilishe pistoni na segma, zile pete zake, tuitengeneze yote. Ao utafute moteri ingine nzima, ya okazyo, yenye ilishatumika, pale Bujumbura. Hiyo tunaipachika kwa siku mbili."

Nilirudi nyumbani nikiwaza. Moteri ya okazyo ni mbuzi ndani ya gunia: nani anajua ilikotoka, nani anajua iliendeshwa na mwendawazimu gani? Hii yangu, angalau, ugonjwa wake niliujua.

Wiki ileile mama akanipigia kutoka Katogota, kwa simu ya jirani. Mama alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili. La kushoto lilikuwa limeshakwisha, na la kulia lilibakiwa na mwanga wa kutofautisha mtu na mti. Kanisani walikuwa wametangaza kwamba wadaktari wa macho wamefika Uvira, watapasua watu kwa wiki tatu, halafu wanaondoka.

"Mwanangu, uko unanisikia? Banasema banakupasua leo, kesho unaona. Unitumie moto, pikipiki tu, minye nikuje."

"Mama, weye hautapanda moto kama gunia la muhogo wakati minye niko na jipi. Ungojee. Nakuja kukuchukua."

Nisidanganye hapa, nimeshadanganya vya kutosha. Sikuogopa kwamba ataanguka toka kwenye pikipiki. Niliogopa midomo ya Katogota. Nilikuwa nimewazungusha na jipi ile kijiji kizima, nikapiga honi hata mbele ya kanisa. Halafu waone mama yangu amebanwa katikati ya dereva na ndizi? Aa, hapana.

Mke wangu alisikia simu yote. "Baba watoto, weka moteri ingine," akasema. "Siku mbili tu, mama yako anafika."

"Na ikikufa mwezi wa pili?"

"Ikufe! Mama atakuwa anaona."

Nilikasirika, kwa sababu alikuwa na haki. Nikamwambia mambo ya gari ayaache kwa wenye gari. Kesho yake nikamwambia fundi afungue ileile ya zamani. Akaniahidi wiki moja. Wiki ya fundi! Mtu mzima na ndevu zangu, nikaiamini.

Nikabeba kigoda. Siku ya nne waligundua kwamba kifuniko cha juu cha moteri kimepinda kwa joto, lazima kipelekwe kwa mchonga vyuma. Nikakifuata, nikakaa huko pia. Mashine yake ilingoja umeme. Umeme ulikuja kwa saa moja tu, ukaenda kwa siku mbili. Nilikaa pale nikitazama kipande cha chuma kana kwamba ni maiti ya ndugu yangu, na nyuma yangu, kule garajini, nilikuwa nimefunga pyesi zingine kwenye sanduku lenye kufuli, na ufunguo shingoni.

Mama alipiga. "Bado?"

"Bado kidogo, mama."

Wiki ya pili mke wangu akaja garajini mwenyewe, mchana, watu wote wakiwepo. Akasimama mbele ya kigoda changu. "Simama. Minye nitakaa hapa. Weye panda taksi, nenda ulete mama, kesho unarudi."

"Weye utajua pistoni ni nini?"

"Nitajua mwizi ni nani. Inatosha."

Mafundi wakacheka mpaka wakaweka spana chini. Ningecheka nao, nikainuka, nikaenda, leo nisingekuwa na haya ya kueleza. Lakini niliona wananicheka mimi. Nikamfukuza mke wangu mbele yao. Akasema basi, atakwenda yeye kumleta mama kwa taksi. Nikamkatalia hilo pia. Nilimwambia mama wa mwenye jipi hasongamani kwenye taksi. Nilisema maneno hayo kwa sauti, na jipi yangu ikiwa mbele yangu haina moteri.

Mama akapiga tena. "Bado?"

"Bado kidogo."

Wadaktari walifunga masanduku yao Jumamosi. Moteri ilikamilika Jumatatu. Iliwaka mara moja, bila kusukumwa, bila moshi, na pyesi hata moja haikupotea. Fundi akanipa mkono, "Patroni, hii njo kazi." Nikapanda nayo hadi Katogota.

Jirani wa mama, kikongwe aliyemzidi umri, alikuwa amesimama uani kwao anahesabu kuku wa mama kwa sauti, mmoja mmoja, kwa furaha tu ya kuhesabu. Yeye mjukuu wake alimpandisha kwenye moto wiki ya kwanza, wakamfunga kwa kitenge mgongoni mwa dereva. Alikuwa amerudi siku nyingi, macho yake yamefunguka.

Mama alikuwa ameoga, amevaa, kifurushi kiko magotini. Aliisikia jipi, akainuka peke yake. Akapapasa mlango, akapapasa kiti, akapanda, akakaa vizuri na kifurushi chake. Hapo ndipo nikamwambia.

"Mama, wale wadaktari wamekwenda. Banasema batarudi mwaka kesho."

Uani jirani aliendelea kuhesabu. Kuku walikuwa wamefika kumi na moja. Halafu akasema, "Basi unishushe." Nikamshusha.

Najua utaniuliza: Bukavu hakuna hospitali? Iko. Lakini moteri ilikuwa imekula kila kitu, hata mtaji wa kaduka, na kila mwezi nilisema mwezi ujao. Majuto ni mjukuu, walisema wazee, na huyu wangu amekuja mapema.

Mwaka uliofuata wadaktari walirudi kweli. Siku ya kwanza nilimshusha mama Uvira kwa jipi, mke wangu amemshika mkono kiti cha nyuma. Daktari alikuwa binti mdogo kutoka mbali. Akamulika jicho la kulia, akamulika tena, akazima tochi. Akasema mtoto wa jicho aliachwa akakomaa mno, presha ikapanda ndani, ikaua mshipa wa kuonea. Hakuna cha kupasua tena. Halafu akanigeukia mimi.

"Tulikuwa hapa mwaka jana wiki tatu nzima. Mulikuwa wapi?"

Nikasema barabara ya Katogota ilikatika, mto ulijaa, gari halikupita. Mke wangu alitazama ukuta. Daktari akamwinamia mama, akamuuliza taratibu kama ni kweli.

Mama aligeuza uso upande ilikotoka sauti yangu.

"Ee, daktari," akasema. "Mto ulijaa sana. Mwanangu alitaka kufika, maji yakamushinda."

Wiki zile tatu hakukunyesha hata tone, na mama alikuwa amekaa nje kila siku akiningoja.